Mbwa Asiyeguswa

Baada ya arobaini ya mama mkubwa tulikaa kikao cha ukoo pale Shighatini, uani kwake, tukagawana alivyoviacha. Mashamba yalichukua nusu saa tu, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kuyasemea akiwa hai. Ng'ombe alipata mtu kabla chai haijapoa. Mtungi wa gesi ulileta maneno, na jembe moja lenye mpini mpya liligombewa hadi adhuhuri. Ndiyo ada yetu. Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku; sisi tukisikia hucheka kidogo, kisha tukauliza hiyo kesi iliishaje. Jioni katibu alisoma orodha. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe, isipokuwa mmoja ambaye hakutajwa, naye alikuwa amejilaza chini ya ghala la mahindi akitutazama kwa jicho moja.

"Na huyo je?" nikauliza.

Mjomba aligeuka, akamwangalia, akarudi kwenye kikombe chake. "Huyo si wa mtu," akasema. "Huyo alikuwa wa marehemu."

Jina lake Semeni. Mgeni angedhani ni jina tu, kama Simba au Popi. Mwenyeji alijua zaidi. Mwanamke wa pwani akiwa na neno na jirani hulivaa kwenye kanga. Mtu wa mlimani anaweza kumpa mbwa neno hilohilo liwe jina, akawa analiita kila magharibi kwa sauti ya kufika ng'ambo. Mama mkubwa alikuwa na kesi ya mpaka na mzee wa shamba la chini. Masale ya mpaka yaliyopandwa na babu zao, mama mkubwa alidai, yalikuwa yametembea hatua mbili kuja upande wake, na masale hayana miguu. Kesi ikapelekwa baraza la kata, ikarudi, ikapelekwa tena. Mzee naye alikuwa na watu wake wa kumsemea. Basi mama mkubwa akafuga mbwa, na kila jioni bonde likasikia: "Semeni! Semeniii!" Semeni alikuja, akala. Mzee wa chini alijua anaambiwa yeye.

Lakini Semeni alikuja kwenye chakula, hakuja kwenye mkono. Mama mkubwa aliweka sufuria, akarudi nyuma hatua kumi, ndipo mbwa akatoka. Aliishi naye hivyo miaka minne. Siku zile za msiba nilimwona akizunguka nyuma ya migomba, mkia kaufyata, masikio nyuma, akiwatazama watu wote waliojaa nyumbani kwake bila kumjua hata mmoja. Nilichukua likizo ya wiki tatu nikidhani kumtafutia mtu wa kumchukua ni kazi ya siku mbili.

Kwa msomaji asiyepajua, Shighatini ni kata ya Usangi, wilaya ya Mwanga, juu katika milima ya Upare ya Kaskazini. Hadi mwaka 1979 Mwanga na Same zilikuwa wilaya moja ya Pare, na wazee wengine bado husema hivyo. Kilele kikubwa cha upande wetu ni Kindoroko, zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na msitu wake ndio unaotupa ukungu wa asubuhi na maji ya mifereji. Nyumba zimekaa ndani ya migomba na kahawa, zimekaribiana, na kati ya shamba na shamba kuna mstari wa masale. Mbwa wa hapa hana nyika ya kukimbilia. Akitoka kwa fulani, ameingia kwa fulani.

Vijana wa mjini humwita mbwa wa namna hii koko, wakimaanisha hana mwenyewe. Jina hilo limewapotosha watu wengi, na maofisa wasio wachache. Watafiti waliohesabu mbwa vijijini Tanzania walikuta kwamba wengi wa wale wanaozurura wana kwao: kuna nyumba wanakolala, kuna mtu anayewatupia ugali, kuna mtoto anayewajua kwa jina. Kinachokosekana ni kamba, uzio na kadi. Semeni alikuwa na kwao. Aliyekufa ni mtu mmoja, na kwao kukafa pamoja naye.

Nilijiuliza kwa nini aogope hivyo, maana hakuwahi kupigwa. Jibu nililipata mbali sana na Usangi. Mwaka 1961 watafiti watatu wa maabara ya Jackson, mji wa Bar Harbor huko Maine, Marekani, walichapisha jaribio lililokuwa rahisi na la kikatili kidogo. Waliwalea watoto wa mbwa ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio mrefu, chakula kikipitishwa bila wao kumwona mtu. Kisha waliwatoa kwa zamu, wengine wakiwa na wiki mbili, wengine tano, wengine tisa, kila mmoja achezewe na binadamu kwa wiki moja tu, akarudishwa. Wale wasioguswa kabisa mpaka wiki ya kumi na nne walikuwa kama wanyama wa porini: hawakukaribia mtu, na ilikuwa kazi kubwa kuwazoesha. Wiki moja ya kubebwa na kuchezewa, ikija kwa wakati wake, ilitosha kumbadili mbwa. Mlango huo hufunguka karibu na wiki ya tatu, na kuanzia wiki ya kumi na mbili hivi huanza kujifunga.

Sasa fikiria nyumba ya mama mkubwa. Semeni alizaliwa chini ya ghala lilelile. Zamani nyumba ile ilikuwa na watoto tisa, nasi wajukuu wa likizo, na hakuna mtoto wa mbwa aliyefika wiki ya tano bila kuvalishwa shati la mtu. Wakati wa Semeni watoto walikuwa Dar es Salaam, Moshi, Arusha, na mmoja Muscat. Alibaki bibi mwenye magoti mabovu asiyeweza kuinama chini ya ghala. Hakuna aliyemkosea mbwa huyu. Mikono tu ndiyo iliyokosekana. Milima yetu inazidi kuishiwa na watoto wa kuwabeba mbwa, nami nadhani (ni dhana yangu, sina hesabu) kwamba mbwa waoga wataongezeka.

Binamu zangu walikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa sumu. La pili, lililosemwa kwa huruma zaidi, lilikuwa kumfunga kwenye gunia, kumteremsha kwa bodaboda na kumwacha barabara kuu, Kisangara au Lembeni, "atajitafutia". Niliwaambia kwamba kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na kumtelekeza mnyama si jambo la huruma mbele yake. Wakacheka. Sheria hiyo, wakasema, ilikuja na nauli gani?

Walikuwa na hoja. Nairobi kuna chama cha kulinda na kutunza wanyama, KSPCA, chenye historia inayorudi hadi mwaka 1910, na watu huenda pale kuchagua mbwa. Upande wa Arusha kuna shirika la Mbwa wa Africa linalookota, kutibu na kuwatafutia mbwa watu. Milimani kwetu hakuna nyumba ya namna hiyo. Tena, hata ingekuwapo, sidhani kama ingemfaa Semeni: mbwa anayeogopa sauti ya kikombe umpeleke kwenye vizimba vya mbwa hamsini wanaobweka? Makao yake yalipaswa kupatikana hapahapa, umbali ambao pua yake inaufahamu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa siku ya nne. Alikuwa anakula, nami nimechuchumaa hatua mbili kutoka kwake, nikijivunia. Alikuwa akilamba midomo bila kuwa na chakula mdomoni, akapiga miayo, akageuza uso pembeni. Nikadhani ametulia, kumbe kwa mbwa hizo ni dalili za wasiwasi, ni namna yake ya kuomba nafasi. Nikanyoosha mkono juu ya kichwa chake. Mkono unaotoka juu, kwa mbwa asiyeujua, ni kama kivuli cha mwewe kwa kifaranga. Akaniuma kidole, si kwa nguvu, akatokomea kwenye migomba.

Hapo ndipo uoga wa mbwa ulipoacha kuwa habari ya huruma. Niliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwa saa, kama inavyotakiwa, nikashuka kutafuta chanjo. Kituo cha kwanza hawakuwa nayo. Cha pili walikuwa nayo, na nikachomwa siku ileile, kisha nikarudi kwa tarehe nilizoandikiwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Makadirio yanayotumika duniani ni vifo kama 59,000 kwa mwaka, na kwa Tanzania watafiti waliwahi kukadiria kama 1,500, wengi wao watoto wa vijijini. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Niliwaomba binamu wasimguse Semeni siku kumi. Mbwa aliyeuma akibaki mzima siku hizo zote, basi siku ile hakuwa na ugonjwa mateni. Walikubali kwa shingo upande. Alibaki mzima. Sindano zangu nilizimaliza hata hivyo.

Afisa mifugo mmoja aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Ili kichaa kisimame katika eneo, alisema, inabidi mbwa kama 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa, na kuua mbwa hakusaidii, kwa sababu nafasi ya aliyeuawa huchukuliwa na mtoto wa mbwa asiye na chanjo. Siku ya chanjo watoto huja na mbwa wao kwenye kamba za katani, kwenye vipande vya kanga, wengine wamebebwa begani. "Lakini kuna ambao sitawaona kamwe," alisema. "Mbwa asiyeshikika haji." Kwa hiyo katika wale thelathini wanaotoroka hesabu, wamo wenzake Semeni. Mbwa ambaye hajawahi kuguswa hawezi kuchomwa sindano, na asiyechomwa ndiye atakayembeba mdudu akikutana naye.

*

Mdudu huyo na ndugu zake hawakai mlimani tu. Ukisimama Same mjini, ukatazama mashariki, lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko kilomita chache tu. Pori lile ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 3,200, limepakana na Tsavo ya Kenya. Ndani yake ilitokea habari nyingine ya kuwatafutia mbwa makao, na kwa mtu wa Upare ni aibu kuijua ya Marekani asiijue hii.

Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Mwaka 1989 alikuja pale Mwingereza Tony Fitzjohn, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi na George Adamson, mzee wa simba wa Kora, Kenya. Adamson aliuawa na majambazi Agosti mwaka huohuo. Mkomazi wa wakati ule ulikuwa umechoka kwa ujangili na mifugo. Fitzjohn alipata umaarufu kwa faru weusi aliowarudisha, lakini mimi namkumbuka kwa mbwa mwitu.

Mbwa mwitu si mbwa wetu aliyeasi. Ni ukoo mwingine kabisa. Hesabu vidole vya mguu wa mbele: mbwa wa nyumbani ana vitano, wa mwitu ana vinne. Masikio yake ni mviringo kama vifuniko vya sufuria, na madoa yake hayafanani kwa wawili. Wanaishi kwa kundi, wanalea watoto wa jike mmoja kwa pamoja, na mwindaji akirudi hutapika nyama mbele ya watoto na mbele ya mlezi aliyebaki nyumbani. Huko Botswana watafiti waliona, wakachapisha mwaka 2017, kwamba kundi huamua kwenda kuwinda kwa kupiga chafya: chafya zikitosha, wanaondoka. Mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger aliwakuta watano juu ya Kilimanjaro, kwenye theluji karibu na kilele. Mlima ule tunauona kutoka Usangi asubuhi isiyo na mawingu, na hakuna aliyeeleza walikwenda kutafuta nini.

Wafugaji waliwachukia, na wakoloni waliwapiga risasi kama waharibifu hata ndani ya mbuga. Leo dunia nzima imebaki na elfu chache. Mwaka 1995, katika nyika ya Wamasai ambako mashimo ya mbwa mwitu yalikuwa hatarini kutiwa sumu, watoto wao kadhaa walichukuliwa wakaletwa Mkomazi, wakalelewa kwenye maboma ya wavu ili wazaane na uzao wao uachiwe porini. Walistawi. Kufikia mwisho wa mwaka 2000 walikuwa 52.

Desemba hiyo ugonjwa uliingia bomani. Ndani ya miezi miwili walikufa 49. Maabara ilikuta ni distempa, virusi ambavyo katika nchi zetu hubebwa zaidi na mbwa wa kufugwa, na ambavyo mwaka 1994 viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Chanjo waliyokuwa wamepewa mbwa wale haikuwalinda. Wakabaki watatu.

Mradi ulianza upya. Baadaye makundi yaliachiwa Mkomazi kwa awamu, na mbwa wa vijiji vya pembeni wakachanjwa, kwa sababu ilikwisha kueleweka kwamba makao ya mbwa mwitu hayaanzi kwenye uzio wa hifadhi. Yanaanzia chini ya ghala la mtu. Serengeti nayo, ambako mbwa mwitu walitoweka mwaka 1991, ilianza kurudishiwa makundi mwaka 2012 kutoka Loliondo.

Sitaki kuisimulia habari hii kama ngano ya mzungu na wanyama wake. Mwaka mmoja kabla Fitzjohn hajafika, 1988, wafugaji waliondolewa Mkomazi, wengine wakiwa wamezaliwa humo. Walifungua kesi Mahakama Kuu Moshi, ikafika Mahakama ya Rufani, na hukumu ya mwaka 1999 haikuwarudisha. Kwa hiyo pori lililokuwa likitafutwa liwe makao ya mbwa lilikuwa kwanza limekoma kuwa makao ya watu, na mzee wa Kimasai aliyeulizwa kwa nini hapendi mbwa mwitu alikuwa na majibu zaidi ya mbuzi aliyeliwa. Kumpa mnyama nafasi ni kumwomba mtu fulani asogee, na mara nyingi anayeombwa hakuulizwa.

Kuna tofauti moja kati ya maboma yale na uani kwa mama mkubwa ambayo ilinifundisha zaidi ya mfanano wote. Mbwa mwitu atakayeachiwa hatakiwi kumpenda mlezi wake. Akizoea mkono, atausogelea hata ule wenye sumu. Uoga wake ndio mali yake ya kwenda nayo. Semeni uoga wake ulikuwa deni. Hakuna pori lililokuwa likimngoja. Hatua ishirini kila upande kulikuwa na mlango wa mtu. Kwa mbwa wa nyumbani makao ni mkono anaoukubali, hata uwe mmoja.

*

Basi nilirudi mlimani nikaanza kuwaomba watu wamchukue Semeni.

Mwenye duka wa pale njia panda alisema anahitaji mbwa, ila mkali. Nilimweleza kwamba huyu hubweka, kisha hurudi nyuma. Akauliza kama pilipili kwenye chakula haingemsaidia. Nilimshukuru nikaondoka. Kuna imani kwamba mbwa mwoga ukimfunga mnyororo atageuka kuwa mlinzi; ukweli ni kwamba atageuka kuwa mbwa anayeuma kila kinachomkaribia kwa kuwa amenyimwa njia ya kukimbia.

Familia moja ya Kiislamu, majirani wa juu, walinipokea vizuri zaidi kuliko nilivyostahili. Usangi tumechanganyika, msikiti na usharika wa Kilutheri, na ndani ya ukoo mmoja utamkuta Hamisi na Elinazi. Watu wa nje hudhani nyumba ya Mwislamu haiwezi kuwa na mbwa. Baba mwenye nyumba alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mbwa wa kulinda shamba au mifugo ameruhusiwa. Akanikumbusha mbwa wa watu wa pangoni, aliyelala kizingitini, na yule mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. "Sharti langu ni moja," alisema. "Asipande barazani." Nikafurahi. Mbwa asiyetaka kuingia ndani, kwenye nyumba isiyotaka aingie! Tulimpeleka ndani ya boksi la mbao, tukampa nafasi chini ya banda la mbuzi.

Usiku wa pili alirudi kwa mama mkubwa. Kosa lilikuwa langu tena. Mbwa mwoga aliyehamishwa hana sababu ya kubaki. Siku za mwanzo, hata wiki mbili, lazima awe mahali pasipo na upenyo, pa kimya, na pa kujificha, mpaka harufu ya pale iwe yake. Mimi nilikuwa na haraka ya likizo. Mama wa nyumba ile alinirudishia bakuli limeoshwa, akasema, "Hajakataa kwetu. Bado anamngoja mwenyewe." Nilikaa kwenye jiwe la njiani kwa muda kabla ya kuendelea.

Likizo iliisha. Nikamwachia binamu hela ya dagaa na unga, nikaenda zangu mjini nikiwa nimeshindwa.

Miezi mitatu baadaye nilipanda tena kwa shughuli ya kaburi. Semeni hakuwa chini ya ghala. Binamu hakuonekana kuwa na wasiwasi, na hela ya dagaa hakuitaja. "Yuko chini," alisema, akaonyesha kwa kidevu.

Katikati ya masale ya kesi palikuwa na tundu dogo, majani yamelala pande zote mbili, njia iliyokanyagwa vizuri. Ng'ambo, mbele ya jiko, mzee wa shamba la chini alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya maharage, amekaa ubavu. Hatua moja nyuma yake, bila kuangaliwa, alilala Semeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kwa mpaka?"

"Nimekuja kwa mbwa."

Akaendelea kumenya. Ilichukua muda kupata maelezo, maana mzee hakutaka ionekane kwamba kuna lililotokea. Tangu msiba alikuwa akitupa mabaki ya makande juu ya masale, "kwa kuwa yangeoza". Hakumwita mbwa. Angemwitaje? Kutamka jina lile ingekuwa kukubali kwamba alilisikia miaka minne. Hakumtazama pia, maana mbwa wa adui hatazamwi. Alitupa, akampa mgongo, akaketi na kazi zake. Siku hadi siku makande yakaanguka karibu zaidi na kigoda, kwa uvivu wa mkono wake, alisema yeye.

Mtu aliyesomea tabia za mbwa asingempangia kazi bora. Usimtazame machoni. Usimwite. Usimfuate. Kaa chini, mpe ubavu, mwache yeye ndiye aje, na chakula kiseme badala yako. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote na nikashindwa kuyafanya kwa wiki tatu, kwa sababu nilitaka anipende. Mzee alifaulu kwa kiburi tu.

"Na umewahi kumgusa?"

Alijipangusa kiganja kwenye suruali. Kisha, bila kugeuka, akateremsha mkono nyuma ya kigoda, mgongo wa kiganja mbele, chini, karibu na ardhi. Semeni aliunusa. Akaweka kidevu chake juu yake.

Siku ya chanjo iliyofuata sikuwapo. Niliyasikia kwa binamu. Watoto walijipanga na mbwa wao, kelele tupu, na mzee akaja mwisho kabisa, mstari ulipokwisha, kamba ya katani mkononi na Semeni ubavuni akitetemeka mwili mzima, lakini akitembea. Mzee alichuchumaa, akamficha uso kwapani mwake, sindano ikapita. Bwana mifugo akatoa kadi. Jina la mbwa? Mzee alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Semeni." Watu waliokuwa karibu walitazama chini. Jina la mmiliki? Akataja lake.

Kadi hiyo ameniwekea nakala. Chanjo nyingine ni mwakani. Kesi ya mpaka bado iko baraza la kata.